Mkono Unaosifiwa na Mikono Iliyofichwa: Uhakiki wa Dibaji na Ukurasa wa Anwani wa De humani corporis fabrica (1543)

Ikisiri

Makala hii inahakiki dibaji na mchoro wa ukurasa wa anwani wa kitabu De humani corporis fabrica cha Andreas Vesalius, kilichochapishwa Basel mwaka 1543. Matini hizo mbili zimetumiwa mara nyingi kama ushahidi wa namna matabibu walivyofundishwa katika vyuo vikuu vya Italia kabla ya Vesalius na baada yake. Makala inadai kwamba zote mbili ni hoja za mtetezi, na kwamba zisomwe hivyo kabla ya kutumiwa kama ushahidi. Kwa kuzilinganisha na maandishi ya Baldasar Heseler, mwanafunzi aliyehudhuria mafunzo ya Vesalius huko Bologna mwaka 1540, makala inaonesha kuwa kitabu na mwili vilifundishwa pamoja. Inaonesha pia kuwa matini inayodai kurudisha hadhi ya mkono katika utabibu inawafuta vinyozi na wakunga, ambao mikono yao ilikuwa imeugusa mwili siku zote.

1.0 Utangulizi

Ipo picha moja inayorudiwa sana katika maandishi kuhusu elimu ya matabibu katika mwanzo wa karne ya 16. Profesa ameketi katika kiti kilichoinuliwa, anasoma matini ya kale kwa Kilatini. Chini yake kinyozi anapasua maiti. Kati yao yumo mtu wa tatu mwenye fimbo, anayeonesha kiungo kinachotajwa. Simulizi hukamilika anapofika Vesalius, anapoacha kiti kitupu, anapochukua kisu mwenyewe na kuufungua mwili mbele ya wanafunzi. Simulizi hii ni fupi, inakumbukika na inafundishika kwa urahisi. Tatizo lake ni kwamba chanzo chake kikuu ni Vesalius mwenyewe.

Mtu anayeeleza ubaya wa mafunzo ya wenzake ili kuonesha ubora wa mafunzo yake hawezi kupokewa kama shahidi asiye na upande. Hilo halimfanyi kuwa mwongo. Linamlazimu mhakiki aulize maswali ambayo huulizwa kuhusu matini yoyote ya balagha: msemaji ni nani, anasema na nani, anataka nini, na ni nani asiyepewa nafasi ya kusema. Swali linaloongoza uhakiki huu ni la mwisho. Matini inayousifu mkono inausifu mkono wa nani, na inauficha mkono wa nani?

Matini zinazochunguzwa ni tatu. Mbili zimo katika kitabu cha 1543: dibaji iliyoelekezwa kwa Kaizari Charles V, na mchoro uliochongwa katika ubao ambao msomaji anakutana nao kwanza. Ya tatu ni maandishi ya Heseler, yaliyohaririwa na kuchapishwa na Ruben Eriksson mwaka 1959. Maandishi hayo hayakuandikwa kwa ajili ya mtawala wala mnunuzi wa vitabu. Aliyaandika mwanafunzi kwa ajili ya kujifunza, na thamani yake katika uhakiki huu inatokana na hali hiyo.

2.0 Utabibu Ulivyofundishwa Padua na Bologna

Dibaji ya Vesalius haiwezi kupimwa bila kujua ilikuwa inapinga nini. Katika vyuo vikuu vya Padua na Bologna, utabibu ulifundishwa kwa kusoma matini zilizokubaliwa na kuzifafanua. Matini hizo zilijumuisha Aforismi za Hippocrates, kitabu kifupi cha Galen kuhusu sanaa ya utabibu, na sehemu za Kanuni ya Ibn Sina katika tafsiri ya Kilatini. Profesa alisoma kifungu, akakigawa katika hoja zake, akaeleza maneno magumu, akataja wafafanuzi waliotofautiana, kisha akatoa uamuzi. Baada ya mhadhara ulikuja mjadala rasmi, ambapo mwanafunzi alijifunza kutetea na kupinga.

Mtihani ulifuata mkondo huohuo. Mtahiniwa alipewa vifungu kutoka matini za Hippocrates na Galen, akapewa muda mfupi wa kujiandaa, kisha akavifafanua mbele ya jopo la madaktari na kujibu pingamizi zao. Hakutakiwa kugusa mgonjwa wala maiti mbele ya jopo hilo. Shahada aliyopata ilithibitisha kuwa anaweza kufundisha. Neno la Kilatini ambalo ni asili ya neno letu daktari lilikuwa na maana ya mwalimu, na chuo kilipomtawaza mtu kuwa daktari kilithibitisha kwanza umahiri wake katika matini.

Upasuaji wa maiti ulikuwa sehemu ndogo ya masomo hayo. Ulifanyika majira ya baridi, wakati mwili hauozi haraka, na kwa kawaida maiti zilikuwa za watu walionyongwa kwa amri ya mahakama. Mwongozo uliotumika sana ulikuwa Anathomia ya Mondino, profesa wa Bologna aliyeiandika mwanzoni mwa karne ya 14. Mpangilio wake ulifuata mahitaji ya meza: tumbo kwanza kwa sababu linaoza mapema, kisha kifua, kisha kichwa, na mwishowe mikono na miguu. Hivyo hata matini iliyosomwa kutoka kitini ilikuwa imepangwa na mtu anayejua maiti inavyoharibika. Jambo hili dogo linatosha kuonesha kuwa mpaka kati ya kitabu na mwili haukuwa mkali kama dibaji ya 1543 inavyotutaka tuamini.

3.0 Dibaji kama Hoja ya Mtetezi

Vesalius alizaliwa Brussels mwaka 1514. Alisoma Louvain na Paris kabla ya kupata udaktari Padua mwezi Desemba 1537, na mara moja akapewa kazi ya kufundisha upasuaji na anatomia hukohuko. Alipoandika dibaji alikuwa na miaka 27. Aliyeandikiwa alikuwa mtawala mwenye nguvu kuliko wote katika Ulaya ya wakati huo, na katika mwaka uleule kitabu kilipotoka, Vesalius aliingia katika utumishi wa nyumba ya kifalme. Dibaji ni utangulizi wa kazi ya kitaaluma, na wakati huohuo ni maombi ya nafasi.

Hoja yake imejengwa juu ya simulizi ya kuporomoka. Hapo kale, anasema, tabibu alikuwa na nyenzo tatu: lishe, dawa na mkono. Baadaye matabibu waliuachilia umoja huo. Wakawaachia wauguzi maandalizi ya chakula cha wagonjwa, wakawaachia wauza dawa uchanganyaji wa dawa, na wakawaachia vinyozi kazi ya mkono. Katika chumba cha anatomia matokeo yakawa mgawanyo ambao Vesalius anaukejeli kwa ukali. Mhadhiri anafananishwa na ndege wa jamii ya kunguru anayepiga kelele kutoka kitini kuhusu mambo ambayo hajawahi kuyakaribia. Anayepasua hajui lugha, kwa hiyo hawezi kuwaeleza watazamaji kile alichokifungua. Mwanafunzi, kwa mujibu wa dibaji, huondoka akiwa amejifunza kidogo kuliko ambavyo mchinjaji angeweza kumfundisha tabibu buchani.

Kejeli hiyo ina nguvu, na pengine ndiyo maana imesomwa kwa muda mrefu kama taarifa. Lakini kuna mambo mawili ambayo inayapunguza. La kwanza ni kwamba Vesalius hakuwa wa kwanza kuunganisha uprofesa na kisu. Jacopo Berengario da Carpi alifundisha upasuaji Bologna, alipasua maiti mwenyewe, na mwaka 1521 alichapisha ufafanuzi mkubwa wa kitabu cha Mondino, ambamo alieleza kuwa hakuuona katika ubongo wa binadamu mtandao wa mishipa ambao Galen alikuwa ameuelezea. Tukio linalodaiwa kutokea Padua mwaka 1537 lilikuwa na mtangulizi wake Bologna, na mtangulizi huyo alifanya kazi yake ndani ya ufafanuzi wa kitabu cha zamani.

La pili lina uzito zaidi. Wito wa kuutumia mkono ulitoka vitabuni. Matini za Galen kwa Kigiriki zilichapishwa Venice mwaka 1525, na mwaka 1531 Johann Guinter, aliyekuwa mwalimu wa Vesalius huko Paris, alitoa tafsiri ya Kilatini ya kazi ya Galen kuhusu taratibu za upasuaji wa kianatomia. Humo Galen mwenyewe anamhimiza msomaji kupasua, kurudia, na kutotegemea maneno ya wengine. Vesalius pia alishiriki katika uhariri wa kazi za Galen kwa Kilatini zilizotoka Venice mwaka 1541. Kwa maneno mengine, mtu aliyemkosoa Galen kwa kutumia mwili alikuwa amejifunza kutoka kwa Galen kwamba mwili unapaswa kuulizwa. Dibaji haifichi kabisa deni hilo, lakini balagha yake ya kiti na kisu inalifanya lisionekane.

4.0 Mchoro wa Ukurasa wa Anwani

Mchoro unarudia hoja ya dibaji kwa njia ya macho. Ukilinganishwa na ule wa Fasciculo de medicina, uliochapishwa Venice mwaka 1493, tofauti inaonekana mara moja. Katika mchoro wa 1493 profesa yuko juu kitini, mbali na maiti. Katika mchoro wa 1543 mahali ambapo tungetarajia kiti pamesimama mifupa ya binadamu iliyoshika fimbo. Vesalius yuko kando ya meza, mkono wake uko kwenye mwili uliofunguliwa, na macho yake yanamtazama msomaji. Umati umejaa kila upande, na baadhi ya watu wameshika vitabu.

Wahakiki wengi huishia hapo. Ila mchoro una sehemu ya chini. Pale chini ya meza, kwenye miguu ya watu, wapo vinyozi wawili wanaogombana juu ya vyombo vyao. Wameondolewa mezani, na hawana kazi nyingine isipokuwa kunoa visu atakavyovitumia mwingine. Kando ya mchoro wamo nyani na mbwa, wanyama ambao Galen na wafuasi wake waliwapasua badala ya watu. Mpangilio wa picha unawaweka vinyozi pamoja na wanyama katika kundi la vitu vilivyopitwa na wakati.

Tutazame pia wanafunzi. Mchoro umejaa watazamaji, lakini mkono mmoja tu ndio unaofanya kazi ndani ya mwili. Walio nyuma wananyoosha shingo. Wengine wanazungumza au kutazama pembeni. Tukiuchukua mchoro kama taarifa kuhusu ufundishaji, unachotuonesha ni mwalimu mmoja anayegusa na wengi wanaojitahidi kuona. Umbali kati ya mwalimu na maiti umeondolewa. Umbali kati ya mwanafunzi na maiti umebaki, na hata jengo la kudumu la anatomia lililokamilika Padua mwaka 1595, lenye ngazi sita za kusimama kulizunguka meza, liliboresha kuona kuliko kugusa.

5.0 Ushahidi wa Mwanafunzi: Heseler, Bologna 1540

Mnamo Januari 1540 Vesalius alialikwa Bologna kufanya maonesho ya anatomia. Utaratibu ulikuwa ule wa kawaida: profesa Matteo Corti alitoa mihadhara juu ya matini ya Mondino, na Vesalius akaonesha katika maiti yale yaliyohusika. Heseler, mwanafunzi kutoka Silesia, aliandika yote mawili. Maonesho 26 yalifanyika, kwa kutumia maiti tatu za watu pamoja na wanyama, wakiwemo mbwa.

Jambo la kwanza ambalo maandishi hayo yanathibitisha ni kuwa mwanafunzi hakulazimika kuchagua kati ya kiti na meza. Alisikiliza mhadhara, kisha akaenda kuona. Heseler anaandika mihadhara ya Corti kwa umakini, na anayaandika maonesho ya Vesalius kwa umakini pia. Kwake zote zilikuwa sehemu za somo moja.

Jambo la pili ni mgogoro wenyewe. Corti na Vesalius walibishana mbele ya wanafunzi kuhusu kutoa damu kwa mgonjwa wa kichomi. Swali lilikuwa damu itolewe mkono upi, na jibu lilitegemea mishipa inayolisha mbavu. Vesalius alitaka hoja iamuliwe kwa kuuonesha mshipa katika maiti iliyokuwa mbele yao. Corti alijibu kuwa yeye si mwanaanatomia, na kwamba huenda ipo mishipa mingine. Akasisitiza kuwa Galen asiachwe. Tukio hili linaweza kusomwa kama ushindi wa jicho dhidi ya kitabu, na ndivyo Vesalius angependa lisomwe. Hata hivyo pingamizi la Corti lina mantiki yake. Kutouona mshipa katika maiti moja hakuthibitishi kuwa haupo katika mwili wa mtu aliye hai. Corti alikuwa anauliza, kwa lugha ya zama zake, ni maiti ngapi zinatosha kuubatilisha uzoefu wa tabibu wa kale. Dibaji ya 1543 haimpi mpinzani wa aina hiyo nafasi ya kusema; daftari la mwanafunzi linampa.

Jambo la tatu linampendelea Vesalius, na uhakiki wa haki haupaswi kuliacha. Katika onesho la mwisho, moyo wa mbwa ulipokuwa bado unapiga, wanafunzi walimuuliza maoni yake kuhusu mwendo wa mishipa. Heseler anaeleza kuwa Vesalius alikataa kuwapa jibu, akawaambia waguse wenyewe na waiamini mikono yao. Hapa ndipo ahadi ya mkono inapomfikia mwanafunzi. Inafaa kutambua kwamba ilimfikia mwishoni kabisa, juu ya mnyama, na katika onesho ambalo mchoro wa 1543 haukulichagua kuwa sura ya kitabu.

Aidha, Vesalius mwenyewe anakiri ndani ya kitabu kuwa alipokuwa akifundisha kuhusu kichwa hadharani alikuwa na desturi ya kuwa na kichwa cha kondoo au ng'ombe karibu, ili aoneshe ule mtandao wa mishipa ambao haukupatikana kwa binadamu. Kwa muda fulani, basi, mkono wake uliitumikia matini hata pale macho yalipoipinga. Ungamo hili linaeleza hali halisi ya ufundishaji kuliko kejeli zote za dibaji, kwa sababu linaonesha jinsi ilivyo vigumu kukiona kile ambacho kitabu kimekufundisha kuwa hakiwezi kukosekana.

6.0 Mikono Iliyofichwa: Kinyozi na Mkunga

Kosa la kinyozi katika dibaji linahusu zaidi ulimi wake kuliko kisu chake. Anaweza kufungua mwili, ila hawezi kuueleza kwa lugha ya chuo. Kilatini kilikuwa lugha ya mihadhara, mitihani na vitabu, na ujuzi usioweza kusemwa kwa Kilatini haukuhesabiwa kuwa elimu. Vesalius angeweza kupendekeza kwamba kinyozi aelezwe kwa lugha anayoielewa, au aulizwe anachokijua. Anapendekeza badala yake kwamba kazi ya kinyozi ichukuliwe na mtu mwenye Kilatini. Hadhi ya mkono inapanda kwa kuuhamisha mkono huo kutoka tabaka moja la watu hadi lingine.

Kwamba njia nyingine iliwezekana kunaonekana katika mambo mawili ya wakati huohuo. Muhtasari wa kitabu, Epitome, uliotolewa kwa ajili ya wanafunzi mwaka 1543, ulitafsiriwa kwa Kijerumani na kuchapishwa Basel mwaka huohuo. Naye Ambroise Paré, aliyejifunza kazi kama kinyozi na mpasuaji, aliandika vitabu vyake kwa Kifaransa. Kazi zake zilizokusanywa zilipotoka mwaka 1575, kitivo cha utabibu cha Paris kilizipinga. Upinzani huo unafichua kilichokuwa kinalindwa. Lugha ya kufundishia iliamua nani atahesabiwa kuwa anajua, na kwa msomaji wa Kiswahili anayefuatilia mijadala yetu kuhusu lugha ya elimu, jambo hili halihitaji ufafanuzi mrefu.

Mkono wa pili uliofichwa ni wa mkunga. Maiti iliyo katikati ya mchoro ni ya mwanamke. Katika sehemu ya tano ya kitabu Vesalius anaeleza habari za mwanamke aliyehukumiwa kunyongwa, ambaye kwa kuhofia kifo alidai kuwa ni mjamzito. Wakunga walimchunguza kwa amri ya hakimu, wakatoa taarifa kuwa hana mimba. Alinyongwa, na mwili wake ukafikishwa mezani. Katharine Park, katika utafiti wake uliochapishwa mwaka 2006, ameonesha umuhimu wa simulizi hii katika kuufasiri mchoro: tumbo la uzazi linafunguliwa mbele ya umati ili macho ya wanaume yathibitishe jambo ambalo mikono ya wanawake ilikuwa imeshalibaini.

Makala hii inaongeza hoja moja. Katika kesi ile, mahakama iliamini ujuzi wa wakunga kiasi cha kuutegemea katika suala la uhai na kifo. Ujuzi huo ulipatikana kwa mkono, katika mwili ulio hai, bila maiti wala Kilatini. Kama dibaji ingekuwa inautetea mkono kwa ujumla, mkunga angekuwa shahidi wake wa kwanza. Badala yake hatajwi katika dibaji miongoni mwa walinzi wa sanaa hiyo, na katika mchoro hakupewa nafasi ya mwenye ujuzi. Naye mwanamke aliyefunguliwa hana jina, na sauti yake pekee iliyobaki ni dai ambalo halikuaminiwa.

7.0 Hitimisho

Uhakiki huu haukusudii kumpunguzia Vesalius sifa zake. Alionesha kuwa taya la chini la binadamu ni mfupa mmoja pale ambapo Galen alieleza miwili, na kitabu chake, chenye michoro zaidi ya 200, kilibadilisha kile ambacho mwanafunzi asiye na maiti angeweza kukiona. Kinachopingwa ni matumizi ya dibaji na mchoro wake kama maelezo ya kuaminika ya elimu ya matabibu kabla yake.

Matokeo ya usomaji huu ni mawili. Kwanza, mpito kutoka kitabu hadi mwili, kama unavyosimuliwa, haukutokea. Mwili uliingia darasani kwa mkono wa kitabu, na kitabu kilibaki darasani baada ya mwili kuingia. Pili, kile kilichobadilika kwa hakika ni umiliki wa mkono. Kazi iliyokuwa ya kinyozi ilipewa heshima ilipokuwa ya profesa, na ujuzi wa mkunga uliendelea kutumiwa bila kuitwa elimu.

Kwa mtafiti, funzo la kimbinu ni kwamba matini ya mleta mageuzi isomwe sambamba na maandishi ya mwanafunzi wake. Mleta mageuzi hueleza alichokusudia kufundisha. Mwanafunzi huandika kilichomfikia. Pale ambapo maandishi ya wanafunzi yamehifadhiwa, kama ya Heseler, historia ya elimu ya utabibu inapaswa kuanzia hapo. Pale ambapo yamepotea, mhakiki ana wajibu wa kuuliza ni nani wengine waliokuwa chumbani, mikono yao ilikuwa inafanya nini, na kwa nini mchoraji aliwaweka chini ya meza.